Koti la Champion

Koti lile nililishona mimi. Naanza na hilo, mtu asije akaniambia ati nina wivu. Nilipima, nikakata, nikaunga, na lile neno la mgongoni, Champion, nililikata herufi moja moja kwa kitambaa cha manjano, nikalishikilia kwa uzi wa mkono kabla ya kulipitisha kwa cherehani. Kama kuna mtu Ruiru nzima anayejua koti lile lilikuwa la nani, ni mimi.

Aliyeniagiza kulishona ni rafiki yangu. Nasema rafiki kwa sababu sina neno lingine. Tulizaliwa Kiandutu, pale Thika, mlango kwa mlango, nyumba za mabati zinazoshikana ukuta, hivi kwamba mama yake akikohoa mama yangu anasema pole. Tulikula sufuria moja. Siku mama yake alipolazwa, yeye alihamia kwetu, tukalala kitanda kimoja, yeye kichwani mimi miguuni, na mama yangu hakuwahi kumuuliza ataondoka lini.

Kazi yetu ya asubuhi ilikuwa maji. Tulipewa mtungi mmoja kila mtu, na tukishajaza tulishindana kurudi, maji yakitumwagikia mgongoni. Yeye alikuwa na akili ya shule, kila wiki alikuja na neno jipya la Kizungu, na maneno aliyoyapenda sana yalikuwa yale ya watu walioshinda. Siku moja nilimwacha mbali, nikatua mtungi, nikamngoja huku nikicheka. Akafika akihema.

"Leo wewe ni Winner," akaniambia.

"Winner ni nini?"

"Ni mtu ameacha wengine nyuma."

"Na wewe je?"

Akafikiria kidogo tu. "Mimi ni Champion."

"Haiya! Na si nimekushinda? Champion ni nani?"

"Champion ni yule Winner anamwamkia."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Nikamwamkia. Mchezo ukakaa hivyo miaka yote, mimi nikitangulia na mtungi, yeye akinipa neno. Leo Hero, kesho Star, keshokutwa Victor. Yale makubwa alijiwekea. Sikuona ubaya wowote, maneno si yalikuwa yake?

Nilitoka shule baada ya darasa la nane nikaingia kwenye cherehani, pale sokoni Thika, kwa mama mmoja aliyekuwa akinichapa vidole kwa rula nikikosea mshono. Yeye akaendelea, sekondari, halafu chuo cha ualimu. Suti yake ya kwanza ya kutafuta kazi niliishona mimi, ya bluu iliyokolea, na siku alipoipata kazi katika shule moja ya kibinafsi Ruiru, alikuja mbio hadi sokoni akanikumbatia mbele ya wateja. "Wewe ni Genius!" akapiga kelele. Mama wa ndizi akauliza huyo Genius ni nani, ni kabila gani. Tulicheka tukatoka machozi.

Yeye akapata binti. Mwaka uliofuata nikapata wangu. Baba wa wangu hakukaa, na sina la kumwambia, kwa hivyo mtoto akachukua jina la mama yangu, na kama desturi yetu ilivyo, simwiti jina. Namwita Maitu, yaani mama yangu kwa Kikuyu. Mtu akitusikia anashangaa mama mzima akimwambia msichana mdogo, mama njoo ule, mama vaa viatu. Mama yangu mwenyewe alishakufa. Alifariki Maitu akiwa bado anatambaa, akaniachia leso moja ya rangi ya zambarau iliyochujuka na tabia ya kusema peke yangu nikishona.

Maitu alipofika umri wa shule, rafiki yangu alisema, "Mlete kwangu Ruiru. Nitamwangalia kama wangu." Nami nikafunga virago nikahamia Kiuu, hapo hapo Ruiru, nikapata kibanda kati ya muuza mitumba na mama anayepika githeri. Sitamnyima haki yake. Ni yeye aliyeniombea kazi ya kushona sweta na sketi za shule ile. Ni yeye aliyekuwa akimrudisha Maitu nyumbani mvua ikinyesha. Mtoto alimwita Tata, kama anavyomwita shangazi wa damu, na wale wasichana wawili walikuwa wakigombania kitana na kupatana kabla hujasimama kuwaamua.

Sasa, shule ile ina mambo yake. Mwisho wa mwaka kuna siku ya zawadi, mahema, keki, mapambo ya kumetameta ya kuvalishwa shingoni, na hakuna mtoto anayetoka mikono mitupu. Kila mmoja anavishwa mshipi wa begani wenye neno. Mishipi hiyo nilikuwa naishona mimi. Achiever. Star. Hero. Legend. Kuna mtoto alikuwa analala darasani tangu Januari hadi Novemba, alipewa Legend, na baba yake akampiga picha mpaka simu ikazima. Nilikuwa nikishona na kujiuliza, kwani lugha yetu imekosa nini? Tuna mshindi, tuna bingwa, tuna hodari. Lakini hebu mshonee mtoto wa Ruiru mshipi ulioandikwa Hodari uone kama mama yake hatauliza kama mtoto ameanguka mtihani. Bingwa tumewaachia watangazaji wa mpira redioni. Kwa mtoto tunataka Kizungu, na hata kinyozi wa hapo nje, kiti kimoja na kioo kilichopasuka, ameandika Winners ukutani.

Juu ya maneno hayo yote kulikuwa na moja, la mtu mmoja tu. Champion. Huyo havai mshipi. Huyo anavaa koti jekundu, anapigwa picha, na picha inakaa pale mlango wa ofisi mwaka mzima, kila mzazi akiingia anaiona. Anapewa yule aliyeng'ara michezoni kuliko wote, na anayempendekeza ni mwalimu wa michezo. Mwalimu wa michezo alikuwa rafiki yangu.

Mwaka ule Maitu alikimbia mbio za nyika kule Juja, shule nyingi zimekusanyika. Nilifunga kibanda nikaenda. Nilisimama kando ya wazazi wenye miavuli, nikingoja, na kwa muda mrefu hakukuwa na mtu. Halafu akatokea kwenye ile kona ya miti, peke yake, soksi moja imeshuka, mdomo wazi. Nyuma yake, hakuna. Ngai! Nilipiga ukemi ambao sikujua ninao. Alikuwa ameshanifikia nilipo ndipo wa pili akaonekana. Binti wa rafiki yangu naye alikimbia, akaja katikati ya kundi, mrefu, mwembamba, mpole, akicheka, wala hakuonekana kujali. Kwenye basi la shule watoto waliimba njia yote hadi Ruiru, wakitaja jina la mwanangu, na kiitikio kilikuwa Champion, Champion. Rafiki yangu alimkalisha mapajani mbele ya wote ingawa mtoto alikuwa ameshakuwa mkubwa wa kukalishwa.

Wiki chache baadaye alikuja kibandani na kitambaa chekundu kwenye mfuko.

"Mpime mtoto," akasema.

"Mtoto gani?"

"Wee nawe! Maitu. Ni yeye. Lakini usiseme, ni siri mpaka siku yenyewe."

Usiseme! Nilinyamaza mpaka saa ya chakula. Nilipomwambia, Maitu aliweka kijiko chini akauliza, "Champion ni mkubwa kuliko Winner?" Nikamwambia Champion ndiye yule Winner anamwamkia. Akasimama akatembea chumbani huku na huku kama chifu, akaniambia nimwamkie. Nikamwamkia.

Nimeshona nguo nyingi. Nimeshona za harusi. Lakini koti lile nililishona kwa namna yake. Nilifumua kola nilipoona imekaa kombo ambapo hakuna mtu mwingine angeona. Na ndani ya mfuko wa kifuani, badala ya bitana ya kawaida, niliweka kipande cha ile leso ya mama. Mtoto amebeba jina lake, nikaona na yeye mwenyewe awe pale kidogo. Tulipolijaribu, lilimkaa Maitu mpaka nikatafuta kosa nikakosa. Nilimwonyesha kile kipande cha zambarau. Akaweka mkono ndani ya mfuko, akauacha humo.

Siku moja kabla ya sherehe, rafiki yangu akaja kulichukua. Akaligeuzageuza, akalisifu, halafu akasema, "Teremsha mikono. Na pindo la chini pia."

"Kwa nini? Limemkaa sawasawa."

"Aki wewe, koti kama hili unashonea mwaka mmoja? Mwache alikulie."

Hapo ndipo aliponipata. Kwa sababu hakuna mama wa huku anayepinga neno hilo. Sisi sote tumekulia nguo. Sweta ya chekechea inafika magotini na mtoto anaivaa hadi mikono inafika kwenye viwiko. Viatu tunanunua na gazeti la kusokota mbele. Mimi mwenyewe kila nguo ya mtoto ninayoshona naiachia pindo pana ndani, ili mama yake arudi tuiteremshe. Angeniambia punguza, ningeuliza. Aliniambia ongeza, nikaona ni mapenzi.

Alikaa kwenye kigoda changu, tukafumua pamoja, yeye mkono mmoja mimi mwingine, tukipiga hadithi za Kiandutu. Akashika utepe wangu wa kupimia, akaweka kidole. "Hadi hapa," akasema. Na chini, "hadi hapa." Nikaachilia kitambaa chote kilichokuwa ndani, mpaka mwisho. Vile vipimo nilikuwa navijua. Nilikuwa nimevishonea sweta muhula uliopita, sweta ya binti yake. Vilipita mikononi mwangu kama mtu unayekutana naye sokoni ukamwamkia ukaendelea, na baadaye ndiyo unakumbuka ni nani. Maitu alipotoka shule akalijaribu tena, mikono ikamfunika vidole vyote, tukacheka sote watatu. Rafiki yangu alicheka pia. Hicho kicheko nakisikia mpaka leo.

Siku ya sherehe nilikaa safu ya mbele, nimevaa rinda langu la kanisani. Maitu alikuwa amesukwa nywele upya. Mishipi ikaanza kutolewa, Star huyu, Achiever yule, makofi, na mimi nikiitazama kazi yangu ikipita. Halafu wakasoma jina la Maitu. Nilijua wamekosea. Wamemtaja mapema, nikasema, watajisahihisha. Akaenda mbele, akavishwa mshipi. Hero. Akanitafuta kwa macho kwenye umati, anataka kujua kama hii ndiyo mipango, mshipi kwanza koti baadaye. Nikaitikia kwa kichwa kumwambia ndiyo. Hata hapo bado nilikuwa naamini. Aki mimi!

Wakasoma Champion. Alikuwa binti wa rafiki yangu.

Wale watoto waliokuwa kwenye basi walimgeukia Maitu. Mmoja, mdogo tu, alisema kwa sauti, "Si Champion ni yule mwingine?" na mwalimu akamziba mdomo. Mkuu wa shule alikuwa mgeni, hajui huyu wala yule, alisoma alichopewa. Binti akapanda jukwaani ameinamisha kichwa, rafiki yangu mwenyewe akamvalisha koti, akamfunga vifungo. Na lilimkaa. Mikono ilifika pale mkono wa koti unapotakiwa kufika, mabega yakalala vizuri, na neno langu la manjano likanyooka mgongoni bila mkunjo hata mmoja. Mama aliyekaa karibu nami akasema, "Angalia koti zuri! Nani ameshona?" Nikamwambia sijui.

Nilimpata rafiki yangu nyuma ya jiko la shule, akihesabu sahani za kukodi. Hakujifanya kushangaa.

"Wangu anamaliza hapa," akasema kabla sijafungua mdomo. "Huko anakoenda wanauliza mtoto ameshinda nini. Hana kitu. Wako bado ana mwaka mwingine, na anakimbia kama upepo, atalipata tu."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungekubali?"

"Sijui. Lakini ungeniambia. Umeniacha nikampima mtoto. Umeniacha nikateremsha mikono na mikono yangu hii."

Akashusha sahani. "Sasa ningempelekea nani? Wewe ndiye fundi."

Nilimtukana. Sitayaandika hapa, mengine yalikuwa ya Kikuyu na hayana dawa. Nilimwambia mama yangu alimlisha. Nilimwambia tangu mtungi wa maji yeye hajawahi kunishinda chochote, kazi yake ni kufika nyuma na kugawa majina. Wapishi walisimama na miko mikononi. Yeye alirudi kuhesabu sahani zake, na hilo liliniuma zaidi, kwa sababu tukigombana Kiandutu alikuwa akijibu.

Njiani kurudi Kiuu Maitu alivaa ule mshipi bila kuuvua. Tulipofika karibu na kibanda aliuliza, "Tata alijua?"

Ningeweza kumdanganya. Nilitaka sana. "Alijua," nikasema.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, huku nikipika ugali, na ukashika chini. Muhula uliofuata alikataa kwenda mazoezini. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamnunulia raba mpya. Aliniambia, "Nikishinda ni wao wanasema nani ameshinda." Nilimhamishia shule ya serikali hapo karibu, na kila siku ya michezo anaketi chini ya ukuta akishikilia sweta za wenzake. Hilo ndilo aliloniibia. Koti ni kitambaa tu, nikitaka nashona lingine kesho. Miguu ya mtoto siwezi kuishona.

Rafiki yangu hakuja kibandani kwa muda mrefu. Halafu mwaka huu, alasiri moja yenye vumbi, nikasikia akinisalimu, "Msichana wetu, sasa!" Kama vile tumeachana jana. Alikuwa na mfuko mkononi, na kabla hajautua nilijua kilicho ndani, ile rangi nyekundu inajulikana.

"Amerefuka," akasema. "Huko shuleni wana sherehe, wanataka kila mtoto avae kitu alichoshinda. Mikono imekuwa mifupi. Nimepita mafundi wawili, nikasema hapana, hili halishikwi na mtu mwingine."

Nilichukua koti. Lilikuwa limetunzwa, siwezi kusema uongo, limefuliwa na kupigwa pasi. Nikaligeuza ndani nje, nikachukua kile kisu changu kidogo cha kufumulia, nikafungua mfuko wa kifuani pole pole, mshono kwa mshono. Nikatoa kile kipande cha leso. Nikakikunja nikakiweka kwenye kopo la vifungo.

"Hicho ni nini?"

"Cha mama."

Alimjua mama. Aliijua leso ile, alijifunika nayo usiku wa baridi pale kitandani miguu yetu ikigongana. Nikakata kipande cha bitana ya kawaida, nikashona mfuko upya, vizuri, kama ninavyomshonea mteja yeyote, nikalikunja koti nikamrudishia.

"Na mikono?"

"Hakuna kitambaa kilichobaki. Tulikiachilia chote siku ile. Wewe si ulikuwepo?"

Alisimama pale. Macho yake yalikuwa na maji, na nitasema ukweli, moyo wangu ulitaka kumsogezea kigoda. "Bado umeninunia?" akauliza.

"Bado," nikasema.

Hapo ndipo Maitu alipotokea kutoka shule, mkoba begani, anatembea bila haraka kama anavyotembea siku hizi. Rafiki yangu alimwona akageuka mzima mzima, akafungua mikono, uso ukang'aa. Tangu mtoto yule ajue kukimbia alikuwa akimrukia mikononi akipiga kelele, Tata, Tata, mpaka majirani wachungulie. Nilisimamisha cherehani.

Maitu alisimama mbele yake. Alitazama lile koti jekundu, akatazama mikono iliyofunguliwa, akanyoosha wake mmoja kwa adabu, kama tulivyowafundisha kusalimia wageni.

"Habari ya mchana, mwalimu," akasema.